Mitishamba na UTI: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa dirishani, pale watu wanapoleta vikopo vya mkojo maabara, na kwenye simu wanazopiga baada ya hapo. Unaweza kurukia swali lako moja kwa moja. Jambo lililokwisha kuelezwa sikulirudia, nimetaja tu namba ya swali.

## UTI yenyewe

1. UTI ni nini hasa?

Ni maambukizi ya bakteria katika njia ya mkojo: mrija wa kutolea mkojo, kibofu, mirija inayoshuka kutoka kwenye figo, au figo zenyewe. Mara nyingi huishia kwenye kibofu. Mkojo unachoma, unakwenda msalani kila mara na kutoa matone, chini ya kitovu panauma. Ikipanda kwenye figo huja homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni kwa nyuma. Tofauti ya ngazi hizi mbili ndiyo inayoamua majibu mengi ya hapa chini.

Bakteria mkuu ni *Escherichia coli*, mkazi wa kawaida wa utumbo. Kwa wanawake ambao hawana tatizo lingine la kiafya, yeye peke yake husababisha takriban robo tatu au zaidi ya maambukizi ya kibofu. Wengine ni *Klebsiella*, *Proteus*, *Enterococcus* na jamii za *Staphylococcus*. Wanawake huugua zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi, sentimita 4 hivi, na tundu lake liko jirani na njia ya haja kubwa. Choo cha stendi kinasingiziwa mno. Mara nyingi *E. coli* anayekusumbua umetoka naye nyumbani.

2. Kila nikipima naambiwa nina UTI. Inawezekana kweli?

Inawezekana, lakini una haki ya kutilia shaka. Utani wa mtaani kwamba ukiingia zahanati hutoki bila UTI au taifodi haukutoka hewani. Mradi wa utafiti wa HATUA ulipima mkojo wa watu zaidi ya 7,500 wa Kenya, Tanzania na Uganda waliofika vituoni wakiwa na dalili za UTI. Mkojo ulipooteshwa, theluthi moja hivi tu ndio waliokutwa na maambukizi ya bakteria.

Ndiyo maana kipimo cha kuotesha mkojo kina thamani kuliko kuangalia "pus cells", yaani chembe za usaha, kwenye darubini peke yake. Mkojo hupakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, hukaa kwenye joto usiku mzima, na kesho yake tunahesabu walioota. Kipimo cha jadi ni bakteria 100,000 kwa mililita, ingawa mwenye dalili za wazi anaweza kutibiwa hata akiwa na pungufu. Toa mkojo wa katikati, si ule wa kwanza, na ulete mapema. Mkojo uliokaa kwenye mkoba tangu alfajiri utaotesha chochote.

3. "UTI sugu" inayotangazwa na wauza dawa ni ipi?

Neno hilo linafunika mambo mawili tofauti. La kwanza ni UTI inayojirudia: inapona, inarudi, mara mbili ndani ya miezi sita au mara tatu kwa mwaka. La pili ni bakteria sugu, yaani dawa uliyopewa haimuui. Mradi uliotajwa kwenye swali la 2 ulikuta takriban nusu ya *E. coli* wakiwa sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa.

Kuna na jambo la tatu ambalo halitangazwi: huenda hukuwa na UTI tangu mwanzo. Kisonono, klamidia, fangasi wa ukeni na kichocho vyote vinaweza kukuchoma wakati wa kukojoa. Mtu aliyemeza dozi nne za antibiotiki bila kupona anahitaji kuoteshwa mkojo kabla ya kununua dozi ya tano, iwe ya dukani au ya kidumu cha mitishamba.

## Maabara inasema nini kuhusu mimea

4. Ni kweli mimea inaua bakteria wa UTI?

Kwenye sahani ya maabara, ndiyo, mingi sana. Mmea hauwezi kukimbia. Silaha yake dhidi ya kuvu, wadudu na bakteria ni kemikali: tanini, alkaloidi, mafuta yenye harufu, salfa za kitunguu. Si ajabu kwamba ukiyatwanga majani na kuyaloweka kwenye maji au spiriti, kile kinachotoka, yaani dondoo ya mmea, kinaweza kuzuia bakteria.

Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifanya kazi hii tangu 1974, ilipoanza kama kitengo cha utafiti. Kenya ipo KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Wanafunzi wa vyuo vyetu huandika tasnifu juu ya mada hii kila mwaka. Kwa hiyo "je, inaua?" si swali gumu tena. Gumu ni "inaua kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho kinafika kwenye mkojo?" Soma maswali ya 6 na 7.

5. Wanapimaje?

Njia ya kwanza ni ya duara. Bakteria wanapakwa juu ya sahani, kisha dondoo inawekwa kwenye kikaratasi cha milimita 6 au kwenye kitundu kilichochimbwa katikati. Kesho yake, pale dawa iliposambaa bakteria hawakuota, na pamebaki duara wazi unalolipima kwa rula. Njia hii ni rahisi, lakini inadanganya: kemikali yenye mafuta haisambai vizuri, hivyo dawa nzuri inaweza kuonyesha duara dogo.

Njia ya pili ni kupunguza dondoo nusu kwa nusu katika visima vidogo vya kimiminika hadi ufike kisima cha mwisho ambacho bakteria bado hawajaota. Kiwango hicho, cha chini kabisa kinachozuia, maabara wanakiita MIC. Hii ndiyo namba ya kuitafuta unaposoma utafiti wowote. Kuzuia si kuua, kumbuka. Ili kusema mmea umeua, bakteria 99.9% wawe wamekufa.

6. Namba gani ni nzuri?

Kwa dondoo ghafi, watafiti wengi huona mmea unavutia MIC yake ikiwa chini ya mikrogramu 100 kwa mililita. Ikivuka 1,000, ni dhaifu. Sasa chukua tasnifu yoyote utazame jedwali lake: mara nyingi utakuta miligramu 6.25, 12.5 au 25 kwa mililita. Usipite haraka, hizo ni *mili*gramu. Miligramu 12.5 ni mikrogramu 12,500.

Linganisha na antibiotiki ya siprofloksasini. *E. coli* ambaye bado anaisikia dawa hiyo huzuiwa na mikrogramu 0.25 kwa mililita au chini ya hapo. Mmea wa 12,500 ni dhaifu kuliko hiyo mara 50,000.

Hata picha za maduara huwa zina hila, nyingi zisizokusudiwa. Kikaratasi cha siprofloksasini kina mikrogramu 5. Kitundu kilichojazwa mikrolita 100 za dondoo yenye miligramu 100 kwa mililita kina mikrogramu 10,000. Kisha mwandishi anahitimisha kwamba mmea wenye duara la milimita 18 "unakaribiana" na dawa yenye milimita 25. Umeshindanisha mzee mmoja na kijiji kizima katika kuvuta kamba, halafu unakisifu kijiji.

7. Kama inaua kwenye sahani, kwa nini isiue kwenye kibofu?

Kwa sababu dawa ya kumeza haiendi kwenye kibofu kwa njia ya mkato. Inapita tumboni, inafyonzwa na utumbo (au haifyonzwi, kama tanini nyingi), inaingia kwenye ini, na ini kazi yake ni kuibadilisha kila kemikali ngeni ili itoke. Kilichobaki kinasambazwa mwili mzima katika damu. Figo huchuja sehemu yake. Kinachodondoka kwenye mkojo ndicho kitakachokutana na bakteria.

Tufanye hesabu. Mmea una MIC ya miligramu 12.5 kwa mililita. Mtu mzima anakojoa kama lita moja na nusu kwa siku. Ili mkojo wote uwe na kiwango hicho unahitaji 12.5 mara 1,500, yaani gramu 18.75 za dondoo kavu ndani ya mkojo. Tuseme majani makavu hutoa dondoo asilimia 10 ya uzito wake: hizo ni gramu 187 za majani makavu kila siku. Na hapo nimekupendelea kwa kudhani utumbo umefyonza kila tone, ini halikugusa kitu, na figo zimetoa yote. Hakuna anayekunywa hivyo, na anayejaribu ataumwa na kitu kingine.

Karafuu inaonyesha jambo hili vizuri. Mafuta yake yana ujinoli, kati ya asilimia 70 na 90, na kwenye sahani ujinoli hupasua ngozi ya bakteria bila huruma. Ukiimeza, inafyonzwa haraka na inatoka kwenye mkojo ndani ya siku moja. Unaweza kudhani tumepata dawa. Lakini karibu yote inatoka ikiwa imeshafungwa na ini kwenye sukari au salfa. Imefika kwenye kibofu, ila imefika na pingu mikononi.

Dawa za hospitali hukutana na vikwazo hivyo hivyo. Nitrofurantoini inatumika kwa maambukizi ya kibofu kwa sababu hujikusanya kwenye mkojo wakati kwenye damu iko kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo haifai maambukizi yakipanda kwenye figo. Mmea utakaotibu UTI lazima ufaulu mtihani huu wa mkojo, na tafiti nyingi hazijaufanya kabisa.

8. Kwa nini *E. coli* anaisumbua mimea kuliko bakteria wengine?

Ana ukuta wa ziada. *Staphylococcus* ana ukuta mnene lakini wenye matundu. *E. coli* na *Klebsiella* wana utando mwingine wa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea, na zinazopenya hutemwa nje na pampu zilizo kwenye utando. Ndiyo maana jedwali likisema "mmea huu unaua bakteria", angalia ni yupi. Muthiga ya Kenya, *Warburgia ugandensis*, ina gome linalowasha kama pilipili na kemikali zake ni kali kwa kuvu na kwa *Staphylococcus*. Kwa *E. coli* hupungua nguvu.

Eneo la pampu ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mimea ya jamii ya *Berberis* hutengeneza berberini, inayoua bakteria kidogo tu, na pembeni yake kemikali nyingine isiyoua kitu bali huziba pampu ya *Staphylococcus*. Zikiwa pamoja, berberini inapata nguvu. Huenda nafasi ya mimea yetu iko huko: kuirudishia nguvu antibiotiki iliyochoka, badala ya kuwa antibiotiki yenyewe.

## Mmea mmoja mmoja

9. Mwarobaini?

Jina lake linaahidi magonjwa arobaini, na UTI imetiwa humo. Majani na gome huzuia bakteria kwenye sahani, mara nyingi kwa viwango vikubwa vya swali la 6. Hakuna ushahidi kwa wagonjwa kwamba unatibu UTI. Mafuta ya mbegu zake asipewe mtoto: ripoti za Malaysia za miaka ya 1980 zilieleza watoto wachanga waliopata degedege na kuharibika ini baada ya kunyweshwa, na wapo waliokufa. Mjamzito asome swali la 19.

10. Kitunguu saumu?

Kinachoua ni alisini, na alisini haimo kwenye kitunguu kizima. Inazaliwa pale unapoponda, kimeng'enya kinapokutana na malighafi yake. Ukikichemsha kizima, kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya kazi, na umebaki na mchuzi. Ukikiponda kibichi unaipata, ila ikiingia kwenye damu hutoweka haraka sana. Kwa mboga, endelea. Kwa kibofu, hesabu ya swali la 7 haijalipwa.

11. Mlonge?

Huu ningeutazama zaidi. Mbegu zake zina isothiosayaneti, kemikali za ukoo mmoja na ukali wa haradali, na zina nguvu dhidi ya bakteria. Tofauti na kemikali nyingi za mimea, za ukoo huu hutoka mwilini kwa njia ya mkojo kwa wingi wa kueleweka. Ujerumani wana mchanganyiko wa mimea miwili ya kizungu yenye kemikali za ukoo huo wanaoutumia kuzuia UTI. Mlonge wenyewe haujathibitishwa kwa wagonjwa wa UTI, kwa hiyo usiuchukue kama tiba. Mizizi yake iache kabisa, ina sumu.

12. Ndevu za mahindi, dafu, choya, mchaichai?

Hivi naviweka pamoja kwa sababu kinachosaidia hapa, nionavyo mimi, ni maji. Utafiti uliochapishwa 2018 ulichukua wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI ya kujirudia na wanaokunywa maji kidogo. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku. Kwa mwaka mzima, waliokunywa maji waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Maji matupu!

Basi bibi anayechemsha sufuria ya ndevu za mahindi na kukuamuru uimalize kabla ya magharibi hajakosea. Dafu pia ni kinywaji kizuri, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu, kwani lina potasiamu nyingi. Choya hushusha presha kidogo, kwa hiyo anayemeza dawa za presha aseme kliniki.

13. Majani ya mpera?

Yana tanini nyingi, na tanini hushika kila protini inayoikuta, ya bakteria au ya kipimo chenyewe. Kwenye sahani inaonekana shujaa. Utumbo haufyonzi tanini vizuri, na ndiyo maana mpera una maana kwa kuhara kuliko kwa mkojo.

14. Zile kraniberi (matunda mekundu ya kigeni) za supamaketi?

Hizi ndizo zenye ushahidi mzito kuliko mmea wowote katika ukurasa huu, na hata hivyo ni kwa *kuzuia* tu. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 50 zenye washiriki karibu 9,000. Kwa wanawake wanaorudiwa na UTI, hatari ilipungua kwa takriban robo. Kwa watoto, kwa takriban nusu. Kwa wajawazito na wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, faida haikuonekana.

Hazifanyi kazi kwa kuua. *E. coli* ana nywele za kunata anazojishikiza nazo kwenye ukuta wa kibofu, na kemikali za kraniberi zinavuruga mshiko huo, mkojo ukamsomba. Ubaya ni kwamba juisi nyingi ni sukari na rangi, na bei inauma. Unga wa manosi, sukari inayouzwa kwa hoja hiyo hiyo ya kuzuia kunata, ulipimwa Uingereza kwa wanawake 598. Matokeo ya 2024: haukusaidia.

15. Kuna mmea uliowahi kushindanishwa na antibiotiki kwa wagonjwa halisi?

Ndiyo, Ulaya. Mwaka 2018 mchanganyiko wa mimea mitatu, mmoja wao rozimeri, ulishindanishwa na fosfomaisini kwa wanawake 659 wenye UTI ya kibofu. Waliopewa mimea, asilimia 83.5 hawakuhitaji antibiotiki baadaye. Waliopewa dawa ni asilimia 89.8. Si matokeo mabaya. Lakini ambao maambukizi yalipanda hadi kwenye figo walikuwa watano upande wa mimea na mmoja upande wa dawa.

Majani ya uva-ursi yalipimwa Ujerumani kwa namna hiyo hiyo. Antibiotiki zilizomezwa zilipungua sana, ila wagonjwa waliteseka zaidi na dalili, na figo zilizopata maambukizi ziliongezeka. Mimea ya huku kwetu haijafika kwenye mtihani wa aina hii.

## Kutumia

16. Mbona shangazi yangu alikunywa mizizi akapona?

Sibishani na shangazi. Kwanza, angalia swali la 2: huenda hakuwa na bakteria. Pili, hata aliye nao anaweza kupona mwenyewe. Katika tafiti ambako wanawake wenye UTI ya kibofu walipewa vidonge visivyo na dawa, kati ya robo na nusu walipata nafuu ndani ya wiki. Tatu, alikunywa maji mengi pamoja na mizizi. Nne, baadhi ya mizizi hutuliza maumivu kweli, na mtu asiyeumwa huhesabu amepona ilhali bakteria bado wapo.

Na tano, huenda mizizi ilifanya kazi. Hilo siwezi kulifuta. Niletee mkojo wake kabla na baada, tuoteshe.

17. Naweza kunywa mitishamba pamoja na antibiotiki?

Mwambie aliyekuandikia dawa, usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Siprofloksasini hushikwa na madini kama kalsiamu na chuma ikashindwa kufyonzwa, kwa hiyo usiimeze pamoja na maziwa, dawa za kiungulia au unga wa majani ya mlonge. Imeze saa mbili kabla ya vitu hivyo, au saa sita baada yake. Kitunguu saumu cha vidonge kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kuvuja damu. Na usikate dozi katikati kwa kuwa mizizi "imeshasafisha".

18. Kidumu cha dawa kinachouzwa mtaani au mtandaoni ni salama?

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Uliza namba ya usajili ya dawa yenyewe, si ya mtu peke yake. Kidumu kisicho na jina la mmea, tarehe wala kipimo cha kunywa kiache. Maji ya mizizi yaliyokaa wiki kwenye joto huota bakteria, *E. coli* akiwemo, na hapo unanunua ugonjwa. Dawa moja inayodai kutibu UTI, PID, fangasi, kisukari na nguvu za kiume haina haja ya maelezo zaidi.

Wanaouliza kuhusu kujifukiza, au kuweka kitunguu saumu na unga wa karafuu ukeni: hapana. Kibofu na uke ni njia mbili tofauti. Utaunguza ngozi na kuwaua bakteria wema wa *Lactobacillus* wanaoilinda sehemu hiyo, na UTI itapata mlango.

## Hali za pekee

19. Nina mimba. Nitumie nini cha asili?

Maji, na kliniki. UTI katika ujauzito hupanda kwenye figo kwa urahisi na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, kiasi kwamba mjamzito hutibiwa hata akikutwa na bakteria bila dalili. Mwarobaini, mizizi ya mlonge na mizizi mingi ya "kusafisha" ina sifa ya kuharibu mimba. Antibiotiki salama kwa mjamzito zipo, na chaguo hubadilika kwa umri wa mimba.

20. Mtoto wangu ana homa na analia akikojoa.

Hospitali leo hii. Kwa mtoto chini ya miaka miwili homa inaweza kuwa dalili pekee, na figo changa hupata makovu. Hakuna mtishamba wa kujaribu kwanza. Mafuta ya karafuu yasikaribie mdomo wake: kijiko kimoja au viwili vya chai vimewahi kuharibu ini la mtoto.

21. Mimi ni mwanaume.

UTI kwa mwanaume si ya kawaida, kwa hiyo itafutiwe sababu. Kijana huwa na magonjwa ya zinaa, mzee huwa na tezi dume linaloziba mkojo. Gome la mueri, *Prunus africana*, linatumika kwa dalili za tezi dume hapa na Ulaya pia. Limevunwa hadi biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Linapunguza usumbufu wa kukojoa kwa baadhi ya watu. Bakteria haliwaui, na saratani haliioni.

22. Mkojo wangu una damu.

Inaweza kuwa UTI. Lakini kama umekulia au umeoga kwenye madimbwi na mito ya Pwani, Unguja, Pemba, Shinyanga au Mwanza, fikiria kichocho, ambacho huletwa na mnyoo. Dawa yake ni prazikwanteli. Antibiotiki haimgusi mnyoo huyo. Mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu achunguzwe kibofu.

23. Majibu yameonyesha bakteria wangu amegoma dawa zote. Nirudi kwenye mimea?

Soma tena karatasi. Kwa kawaida tumepima dawa chache tulizo nazo, hivyo "zote" maana yake ni zote zilizopimwa siku hiyo. Uliza kuhusu nitrofurantoini na fosfomaisini. *E. coli* aliyegoma siprofloksasini bado anaweza kuzisikia. Zikishindikana zipo za sindano hospitali ya rufaa. Bakteria mwenye pampu kali dhidi ya antibiotiki mara nyingi hutema na kemikali za mimea kwa pampu hizo hizo.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni kwa nyuma: usisubiri jibu la mtu yeyote mtandaoni, mimi nikiwemo.

24. Ni mwanafunzi, naandika tasnifu juu ya mada hii. Nifanye nini tofauti?

Peleka sampuli ya mmea kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ile ya Afrika Mashariki pale Nairobi, itambuliwe na ipewe namba. Jina la sokoni halitoshi, kwani jina moja hubeba mimea mitatu kutoka mkoa hadi mkoa. Pata kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) mapema, kinachelewa kuliko unavyodhani.

Tumia *E. coli* ATCC 25922 kama kipimo cha kulinganishia, pamoja na bakteria halisi kutoka kwa wagonjwa wenye usugu unaojulikana. Weka kisima chenye kiyeyusho peke yake, maana DMSO, kiyeyusho kinachotumika sana, ikizidi inaua yenyewe na utaisifu mizizi bure. Pima MIC, acha kuishia kwenye duara. Andika namba kwa mikrogramu ili msomaji asilaghaiwe na "12.5". Ongeza kipimo cha sumu kwa seli za binadamu, kwa sababu jiki pia inaua *E. coli*.

Kisha fanya kile ambacho tasnifu nyingi hazifanyi. Pima dondoo ndani ya mkojo, si ndani ya mchuzi wa maabara pekee. Pima kama inazuia bakteria kunata. Ipime pamoja na antibiotiki iliyoshindwa. Na kama msimamizi wako na kamati ya maadili wanaridhia, chukua watu wazima wenye afya wanaokunywa mmea huo kwa desturi, kusanya mkojo wao saa mbili na saa nne baada ya kunywa, uchuje, uoteshe *E. coli* ndani yake. Asipoota, nipigie simu hata usiku.